Tiketi Zilizolainika

Saa kumi na moja alfajiri Mama Dirisha alikuwa ameshachemsha sufuria mbili. Moja ilikuwa ya chai, ambayo siku hizi ilikuwa chai ya jina tu kwa sababu sukari ilikuwa imepanda tena, na nyingine ilikuwa ya maji matupu ya kunywa, ameyafunika kwa sahani ya bati. Alizitoa mojamoja hadi jukwaani, akaziweka juu ya benchi la zege, akapanga vikombe sita vya plastiki ambavyo alikuwa ameviunguza alama kwenye vipini ili visipotee. Kisha akakaa akasikiliza.

Walikuja kama wanavyokuja siku zote. Kwanza mlio wa malapa juu ya kokoto, halafu kikohozi cha mlinzi wa ghala, halafu wote kwa pamoja, kutoka mtaa wa juu na mtaa wa bondeni. Walipita kwenye geti la kituo, mmoja baada ya mwingine, ingawa ukuta ulikuwa umebomoka pembeni na mtu angeweza kupita popote. Wakanywa, wakashukuru, wakaruka chini kwenye reli, wakashika njia ya mjini.

Treni ilikuwa haijapita hapo kwa miaka tisa. Kufuata reli kwa miguu ni mwendo wa saa moja na nusu. Barabara ya magari inazunguka bonde lote na kiwanda cha saruji, na nauli ya kwenda na kurudi inakula nusu ya kibarua. Kwa hiyo walitembea juu ya mataruma, malapa miguuni, viatu vya kazini ndani ya mfuko wa nailoni. Wenyewe waliita kutembea huko kupiga lapa. Wapo watoto waliozaliwa, wakaanza shule, wasijue kwamba reli iliwekwa kwa ajili ya kitu kingine.

Binti yake alikunywa chai akiwa amesimama. Alikuwa akifua mashuka ya hospitali, na huko ukichelewa dakika kumi unakuta kuna mwingine amesimama mahali pako, tena ameshavaa aproni.

"Mama, umeiona ile?" akauliza, akionyesha kwa kidevu.

Kwenye mguu wa tangi la maji kulikuwa na pete ya rangi nyekundu, imepakwa vizuri, pana kiasi cha kiganja. Jumatatu pete kama hiyo ilionekana kwenye nguzo za upande wa saruji. Jumatano ikafika kwenye mkono wa ishara ulioanguka. Jana ilikuwa kwenye kivuko cha reli. Kila asubuhi walikuta imesogea, na hakuna aliyekuwa amemwona mpakaji.

Mlinzi wa ghala akasema labda nguzo zimeposwa, zinavishwa bangili. Watu walicheka kidogo, wakaweka vikombe chini, wakaondoka. Binti akageuka mara mbili kulitazama tangi kabla hajapotea kwenye kona.

Jua lilipotoka, Mama Dirisha alifagia jukwaa lote, mita themanini, kama alivyofanya kila siku. Jina lake hilo alilipata kwa sababu alikaa miaka kumi na saba nyuma ya dirisha la tiketi, na watu wengi walimjua uso na mikono tu. Kituo kilipofungwa waliambiwa, yeye na mumewe, waendelee kukaa katika chumba cha vifurushi mpaka mafao yao yashughulikiwe. Mume alifariki mafao yakiwa bado yanashughulikiwa. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa, mizani ya kupimia mizigo ambayo haikuwezekana kuiondoa kwa kuwa ilichimbiwa sakafuni, na chini ya kitanda kopo kubwa la biskuti lililofungwa kwa kamba ya katani.

Ndani ya kopo kulikuwa na sababu ya kituo kufungwa.

Mambo yalianza hivi. Mwaka mmoja nauli ilipanda mara mbili. Mwaka huohuo mashine ya kugonga tarehe kwenye tiketi ikavunjika mkono. Mama Dirisha aliandika barua makao makuu, akaandika ya pili, akaandika ya tatu, na mashine nyingine haikuletwa. Akawa anauza tiketi za kadi ngumu zisizo na tarehe. Mumewe naye alisimama kwenye geti la kutokea kule mjini, kazi yake kupokea tiketi za wanaoshuka. Ndani ya treni hakukuwa na mkaguzi, maana njia ilikuwa ya vituo vinne tu.

Siku moja mfagiaji mjamzito alifika dirishani hana nauli, akasimama tu pale, haombi wala haondoki. Jioni mume alirudi na tiketi moja ndani ya kofia. Asubuhi yule mfagiaji akapewa. Wiki ya pili zilikuja kumi, na baada ya mwezi ukawa utaratibu unaojulikana na mitaa miwili, wala haukuandikwa popote: kila mtu anunue tiketi siku moja katika wiki, siku nyingine asafiri kwa zilizorudi. Wa mtaa wa juu upande wa msikiti walinunua Jumatatu, wa kisimani Jumanne, hivyo hivyo hadi Jumamosi, ili kila siku kitabu kionyeshe kitu. Hakuna aliyedanganya zamu yake. Mumewe alizileta zikiwa zimejaa kwenye kofia hadi watu wakamwita Kofia, na zile kadi zikapita mikononi mwa watu hata zikalainika kama vitambaa.

Basi kila asubuhi walipanda watu mia sita, na kila siku kitabu kikaandika mia moja na ushei.

Makao makuu hawakuja kutazama jukwaa. Walitazama kitabu. Likaja tangazo kwamba kituo chenye abiria chini ya mia tatu kwa siku kitafungwa, na mwenye pingamizi alete ushahidi. Mia sita walisoma tangazo lile, wengine wakasomewa, na kila mmoja akatazama chini. Ushahidi waliokuwa nao ulikuwa ni kosa lao wenyewe.

Afisa kutoka makao makuu alifika siku hiyo saa nne, gari lake jeupe akiliacha ng'ambo ya kivuko. Alikuwa kijana mwenye sauti ya taratibu na viatu vizuri, ambavyo alivifuta kwa karatasi kabla ya kupanda jukwaani. Nyuma yake alikuja mtu mwenye ndoo ya rangi nyekundu na brashi. Mpakaji kumbe alikuwa mtu wa kawaida, mwembamba, anapiga miayo.

Afisa alimwamkia kwa adabu, akauliza afya yake, akauliza kama paa linavuja. Kisha akafungua mkoba, akaweka juu ya benchi fomu na jalada, na fomu ilikuwa na kichwa cha maneno: Fomu ya Historia ya Kituo. Tarehe ya kufunguliwa ilishajazwa. Tarehe ya kufungwa ilishajazwa. Abiria kwa siku: 104. Chini palikuwa na mistari mitano mitupu, ya maelezo ya mtumishi wa mwisho aliye hai.

Akamweleza bila kuficha, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Eneo lote limeshapata mnunuzi, litakuwa yadi ya makontena, na ukuta utapita kuvuka reli. Kama kituo kilikuwa na abiria mia tatu au zaidi wakati kinafungwa, sheria inamlazimisha mnunuzi aache njia ya miguu. Kama walikuwa chini ya hapo, ukuta unapita moja kwa moja.

"Na hawa wanaopita hapa asubuhi?" Mama Dirisha akauliza.

"Wapi, mama? Mimi nimekuja saa nne, sijaona mtu."

Jalada lilikuwa la bluu, la mafao. Alilijua kabla hajasoma jina la mumewe, kwa sababu kwa miaka saba alikuwa amelifuata kaunta hadi kaunta, huku akiambiwa liko kwa fulani, fulani yuko likizo, fulani amehama, ukurasa mmoja umepotea. Afisa akasema ukurasa umepatikana. Linasubiri tu mwenzake. Alisema mwenzake akigusa ile fomu. Na chumba, angeruhusiwa kukaa hadi mwisho wa mwaka. Alikuwa amemwandikia maneno ya kunakili kwenye kipande cha karatasi, asije akapata shida: Naafiki idadi iliyo hapo juu.

Halafu akatoa bahasha ndogo ya nailoni, akailaza juu ya jalada. Ndani yake mlikuwa na tiketi moja, laini, imekunjamana, pembe zote zimeisha.

"Marehemu alipofariki sare ilirudishwa stoo," akasema. "Hii ilikuwa ndani ya bitana ya kofia. Sijamuuliza mtu habari zake, mama. Wala sioni sababu ya kuuliza."

Alimwachia fomu na kalamu. Akasema anakwenda kupima upande wa bondeni, atarudi saa tisa.

Chini ya paa la jukwaa, kwenye kona iliyokuwa ya kuuzia magazeti, alikaa fundi viatu. Alikuwa rafiki wa marehemu, na alipenda kusema kwamba yeye peke yake ndiye aliyefaidi kituo kufungwa, kwa kuwa tangu watu waanze kupiga lapa soli hazimpi usingizi. Alikuwa amesikia kila neno. Mama Dirisha alipomwendea alikuta ameshika kiatu kimoja tangu saa nne, na sindano haijapita hata mara moja.

"Shemeji, tia sahihi," akamwambia kabla hajaulizwa.

"Nikitia, ukuta unakuja."

"Ukuta unakuja hata usipotia. Umeshaona watu wa rangi nyekundu wakafuta?"

Alisema mengi. Alisema Kofia amepumzika, wamwache apumzike, asije akaitwa mwizi akiwa hawezi kujibu. Alisema yeye mwenyewe alipanda kwa tiketi zile miaka mitano, na zamu yake ilikuwa Alhamisi, na hakukosa Alhamisi hata moja, lakini nani atamuuliza habari za Alhamisi? Watauliza zile siku tano nyingine. Mwisho akashusha sauti, ingawa mpakaji alikuwa mbali, amelala chini ya tangi na brashi kifuani.

"Ukiandika ukweli, unatuandika wote."

Hilo ndilo lililomrudisha chumbani. Alikaa juu ya mizani, mahali pa baridi kuliko pote, akaiweka fomu magotini. Alimwaza binti yake akipitia barabara ya magari kwa miguu: atoke saa tisa usiku, arudi saa tano, au aache kazi. Waliobaki nao hivyo hivyo. Mfagiaji yule wa kwanza siku hizi alikuwa na goti bovu, na bado alitembea. Alilifikiria jalada la bluu pia. Hakujidanganya kwamba hakulitaka. Paa lilikuwa linavuja kweli, na deni la mkaa lilikuwepo, na alikuwa amechoka kwa namna ambayo kulala hakukuitibu.

Saa nane na nusu akaanza kuandika. Alikuwa na mwandiko wa darasa la saba, wa herufi zilizosimama, na aliandika polepole kwa sababu mistari ilikuwa mitano tu.

*Abiria walikuwa mia sita kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Kila mtu alilipa siku moja kwa wiki kwa sababu ya nauli. Tiketi hazikuwa na tarehe, mashine iliharibika, barua tatu ziliandikwa. Aliyezirudisha tiketi ni mimi peke yangu. Watu bado wanapita.*

Akatia sahihi. Neno moja tu la uongo lilikuwemo, "peke yangu", na alilisoma mara mbili akaona linakaa vizuri.

Afisa aliisoma akiwa amesimama. Hakukasirika. Alisoma tena, akatazama jukwaa tupu, akamtazama fundi viatu, ambaye aliinamisha kichwa juu ya kiatu.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema. "Na kofia pia ilikuwa yako?"

"Bitana niliishona mimi."

Akatikisa kichwa taratibu, kama daktari. "Mama yangu, mimi nimekuletea historia, wewe unanirudishia kesi. Unajua hii inafanya nini? Kilichokuwa kituo kisicho na watu sasa ni kituo kilichoibiwa na watu wake. Wa hivyo hawaachiwi njia. Umenirahisishia." Akavuta fomu nyingine kutoka kwenye mkoba, mpya, mistari mitano mitupu. "Ninazo nyingi. Chukua hii, ile tunaichana."

Alingoja. Mahali fulani kwenye bati kitu kilikuwa kinatoa mlio wa joto, ka, ka, ka.

"Ile moja inatosha," Mama Dirisha akasema.

Afisa akarudisha karatasi zake mojamoja, jalada la bluu likiwa la mwisho. Alisema kesho saa mbili asubuhi atapita na polisi na wapimaji kufunga faili. "Umeandika watu bado wanapita. Nikikuta watu nitaandika watu. Nikikuta benchi nitaandika benchi." Wote wawili walijua saa mbili asubuhi kila mwenye kibarua yuko mjini, na asiye na kibarua amekwenda kukitafuta. Kisha akampigia mpakaji mluzi. Yule mtu akaamka, akajinyoosha, akapaka pete kwenye nguzo ya kwanza ya jukwaa, ya pili, ya tatu, halafu akasimama mbele ya chumba cha vifurushi na kuuliza, kwa adabu kabisa, kama mlango ni wa mbao au wa bati, kwa sababu mbao inahitaji kupakwa mara mbili.

Walipoondoka, fundi viatu aliinuka. Alikusanya vyombo vyake mapema kuliko kawaida, akaondoka bila kuaga.

Mama Dirisha alivuta kopo kutoka chini ya kitanda, akakata kamba ya katani kwa kisu. Zilikuwa tiketi za siku ya mwisho. Kofia alizileta jioni ile kama kawaida, mia tano na kitu, na asubuhi yake hapakuwa na treni. Zilinuka vumbi na jasho la mikono. Akalibeba kopo hadi kwenye chumba cha tiketi, akapambana na bati la dirisha lililoshikwa na kutu, akalipiga kwa nyundo ya kuvunjia mkaa mpaka likapanda kiasi cha shubiri mbili. Mbele ya dirisha, kwenye ukingo wa zege, palikuwa bado na shimo dogo lililochimbwa na sarafu za watu. Akalipangusa kwa kidole.

Saa kumi na mbili walianza kurudi. Waliona kwanza mlango uliopakwa rangi na nguzo zenye pete, halafu wakaona dirisha limefunguliwa. Alimweleza kila mmoja maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya zamani. Kesho saa mbili, hapa jukwaani, na tiketi mkononi. Anayesimama na tiketi hawezi kuandikwa benchi. Anaweza kuandikwa mwizi, alilisema hilo pia, hakulificha.

Mlinzi wa ghala alisema ana watoto wanne, akapita. Mfagiaji mwenye goti bovu alichukua bila kuuliza. Vijana watatu wa kiwandani walibishana pembeni, mmoja akisema noma tupu hii, mwingine akisema kukosa siku moja ni kufukuzwa, na mwisho wakachukua wawili. Wengi walipita wakitazama chini, kama siku ile ya tangazo.

Kisha mkono wenye gundi kavu kwenye kucha ukaingia dirishani, na Mama Dirisha hakuhitaji kuona uso.

"Nipe ya kwenda, shemeji," fundi viatu akasema. "Ya kurudi tutaiuliza huko huko."

Binti alikuwa nyuma yake, mfuko wa viatu begani. Aliinama ili amwone mama yake vizuri kupitia uwazi.

"Umeandika jina la baba?"

"Nimeandika langu."

Binti akashusha mfuko wa viatu chini. Nyuma yake foleni haikuwa ndefu, labda watu arobaini, labda hamsini, lakini ilikuwa imejipanga yenyewe kando ya ukuta, pale pale ilipokuwa ikijipanga zamani. Upande wa mjini ukasikika mngurumo. Lori likaja polepole juu ya kivuko, limepakia matofali hadi juu, likasimama katikati ya reli na kuzima injini. Dereva akateremka, akazitazama nguzo, akautazama ule mstari wa watu.

"Hawa wanangoja nini?" akauliza kwa jumla.

"Treni," binti akajibu, bila kugeuka, akanyoosha mkono wake dirishani.